Hodi Katika Televisheni

Anayetajwa kuwa mtu wa kwanza kubuni njia ya mwenye nyumba kuona mlango wake katika televisheni alikuwa muuguzi. Jina lake Marie Van Brittan Brown, Mmarekani mweusi aliyekaa Jamaica, katika eneo la Queens mjini New York. Alifanya kazi kwa zamu, na mumewe Albert, aliyekuwa fundi wa elektroniki, naye hakuwa na saa maalumu za kazi, kwa hiyo usiku mwingi mama huyu alibaki peke yake nyumbani. Wezi walikuwa wamezidi mtaani, na polisi walipoitwa walichelewa kufika. Mwaka 1966 mke na mume wakapeleka maombi ya hataza, na tarehe 2 Desemba 1969 wakapewa, namba 3,482,037.

Naomba msomaji anivumilie nieleze chombo chenyewe kilivyokuwa, kwa maana habari yote iliyobaki imejengwa juu yake. Mlango ulitobolewa matundu manne ya kuchungulia, moja juu ya jingine, la juu kwa ajili ya mtu mrefu na la chini kwa ajili ya mtoto. Nyuma ya matundu hayo kamera ilipanda na kushuka kadiri mwenye nyumba alivyotaka. Picha ilikwenda hadi kwenye televisheni chumbani. Palikuwa na kipaza sauti, ili aliye kitandani aweze kumwuliza aliye mlangoni shida yake naye ajibu. Palikuwa na kitufe cha kumfungulia kitasa mgeni mwema akiwa bado nje, na kitufe kingine cha kupiga kengele ya hatari endapo mgeni si mwema. Kwa kifupi, mama yule alijitengenezea jicho, sikio, mdomo na mkono, vyote vinne, mahali ambapo miguu yake iliogopa kufika.

Wengi wanaosimulia historia ya kamera za ulinzi huanzia kwingine. Huanzia Ujerumani mwaka 1942, wakati mhandisi Walter Bruch alipofunga kamera huko Peenemünde ili wakubwa waone roketi za V-2 zikirushwa, nao wakiwa mbali, zisije zikawalipukia. Ni kweli kwamba mitambo ile ilitangulia kwa miaka zaidi ya 20. Lakini roketi haipigi hodi. Anayeitazama roketi hana deni la kuijibu. Mimi nimeshika njia ya muuguzi kwa sababu mlangoni kwake alisimama mtu, na mtu anayesimama mlangoni anangoja neno.

Sisi Waswahili, na hapa nawaingiza Waluguru wenzangu bila kuomba ruhusa, tulikuwa na chombo chetu cha mlangoni kabla ya umeme, nacho ni hodi. Nilizaliwa Matombo, milimani Uluguru, na jambo la mapema kabisa nililofundishwa na bibi yangu lilikuwa namna ya kusimama nje ya nyumba ya mtu. Husimami mlangoni ukachungulia. Husimama mbali kidogo, ubavuni, mahali ambapo aliye ndani akitaka anaweza kukuona na wewe huwezi kumwona, kisha unaita. Unaita mara tatu. Ukijibiwa karibu, unaingia. Usipojibiwa, unaondoka zako, na hakuna lawama. Kwa upande wa ndani nako kulikuwa na sheria yake. Kumsikia mtu akipiga hodi ukanyamaza lilikuwa jambo la aibu kubwa. Watu walisema anayenyamaza ama ana deni, ama ana mgonjwa asiyetaka aonekane, ama anakula peke yake. Hata ukiwa huwezi kumpokea mgeni, ulijibu ukasema huwezi.

Aidha katika Uluguru ya zamani kuonekana kwenyewe kulikuwa na wakati wake. Mwali alitunzwa ndani kwa miezi mingi, pengine hata zaidi ya mwaka, asionekane, na siku ya kutolewa nje ilikuwa siku ya ngoma na kijiji kizima kumtazama. Nayasema haya kwa vijana wanaodhani faragha ni neno lililoletwa na wanasheria.

Sasa televisheni. Zanzibar ilianza matangazo yake mwaka 1973, tena ya rangi, ikatajwa kuwa ya kwanza ya namna hiyo kusini mwa Sahara. Sisi wa Bara tuliendelea na redio miaka 20 na zaidi. Serikali ya Mwalimu Nyerere iliiona televisheni kuwa anasa ya wachache katika nchi ambayo vijiji vyake vilikuwa havijapata maji, na mimi niliyekuwa nikifundisha darasa la watoto waliokaa chini sikuona kosa katika hoja hiyo. Mwaka 1994 ndipo vituo vya watu binafsi vilipoanza Dar es Salaam, ITV kikiwa kimojawapo, na baadaye mawimbi yakatufikia Morogoro. Hapa Kingolwira nyumba za kwanza kupata televisheni hazikuwa na usiku wa faragha. Watoto walijaa sakafuni, watu wazima walisimama dirishani, na mwenye nyumba aliyefunga pazia alisemwa wiki nzima. Televisheni moja ilitazamwa na mtaa. Siku hizi katika nyumba nyingi televisheni inautazama mtaa, na mtaa wenyewe haumo sebuleni.

Lakini nimeruka mambo. Kabla ya kamera tulilindwa vipi?

TANU ilianzisha utaratibu wa nyumba kumi mwanzoni mwa miaka ya 1960, na kiongozi wake tukamwita balozi. Mgeni akilala kwako, balozi alitakiwa ajue. Ugomvi wa mume na mke ulianzia kwa balozi kabla ya kufika mahakamani. Wako waliouona kuwa utaratibu wa kupelelezana, na sitabisha kwamba wapo mabalozi waliokuwa na masikio marefu kuliko busara. Hata hivyo balozi alikuwa na uso. Ukimwona anakutazama, nawe ulimtazama, na ukitaka ulimwuliza anatazama nini. Baada ya vyama vingi kurudi mwaka 1992 mabalozi walibaki kuwa watu wa chama, na shughuli za mtaa zikaenda kwa mwenyekiti wa mtaa, ambaye ana kaya nyingi mno kuweza kujua nani kalala wapi.

Kisha sungusungu. Hawa walizuka Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe ulipowashinda watu na vyombo vya dola viko mbali. Silaha yao ilikuwa upinde na mshale, na simu yao ilikuwa filimbi. Serikali ilisitasita, mwishowe ikawatambua kwa sheria mwaka 1989, na Augustine Mrema alipokuwa Waziri wa Mambo ya Ndani kuanzia mwaka 1990 alihimiza waanzishwe mijini pia. Mimi nililinda kwa zamu, pamoja na ualimu wangu mkuu. Tulikuwa na daftari, tochi mbili, marungu na filimbi moja, na asiyefika zamu yake alitozwa faini. Sitaki kuwapamba sungusungu. Huko walikoanzia waliwatesa na hata kuwaua vikongwe kwa tuhuma za uchawi, na watu wengi walichapwa bila kusikilizwa. Ninachotaka kusema ni kimoja: filimbi ikilia, aliyeisikia alitakiwa atoke. Kusikia na kutoka vilikuwa kitu kimoja. Aliyebaki kitandani alijulikana asubuhi.

Na sisi wa Kingolwira tunayo historia nyingine ya kulinda, ambayo wageni wanaopita barabara kuu ya Dar es Salaam hawaijui. Jina la mahali hapa limejulikana zaidi kwa magereza. Lipo Kingolwira lenyewe, lipo Mkono wa Mara, lipo Mtego wa Simba. Waingereza walipoanzisha kambi ya wafungwa hapa katika miaka ya 1930 walijaribu jambo lililokuwa geni katika makoloni yao: gereza la wazi, lisilo na ukuta, kwa wafungwa waliofikiriwa kuwa wanaweza kuaminiwa, wakilima mashamba. Wazee niliowakuta hapa walilisimulia kama kichekesho, gereza ambalo mbuzi huingia na kutoka. Sina haja ya kuusifia ukoloni. Lakini fikiri, msomaji. Mlinzi wa gereza lisilo na ukuta hana budi kuwajua watu wake kwa majina, na mfungwa anayekaa bila ukuta anajua nani anamtazama, yuko wapi, na ataitwaje jioni majina yakisomwa. Miaka 80 baadaye, katika tarafa hiyo hiyo, raia wasio na hatia yoyote wamejijengea kuta za matofali, wakapanda chupa zilizovunjwa juu yake, wakazungusha nyaya za miiba, na juu ya nyaya wakafunga kamera.

Ilianza viwanja vilipopimwa na watu wa mjini walipokuja kujenga. Mtu aliyehamia hamfahamu jirani, na jirani hamfahamu yeye. Wezi nao walikuja, hilo si uongo. Pikipiki ziliibwa, televisheni zenyewe ziliibwa, na kuku hawakupona kamwe. Mwanangu anayefanya kazi Dar es Salaam alipoona sisi wazee wawili tumebaki na mlinzi aliyelala kuliko sisi, alimleta fundi mwaka 2021 akatufungia kamera nne.

Nilimfuata fundi yule nyuma siku nzima, kwa desturi ya ualimu, nikamwuliza kila waya unakwenda wapi. Kwa faida ya wenzangu wa umri wangu nitaeleza. Kila kamera ina waya wake unaoingia katika kisanduku ambacho mafundi hukiita DVR. Ndani ya kisanduku mna diski inayohifadhi picha, na ikijaa hufuta za zamani kwanza, kwa hiyo mwizi wa mwezi uliopita huenda ameshafutika kabla hujamkumbuka. Kutoka katika kisanduku waya wa HDMI huenda kwenye televisheni. Unachukua rimoti, unachagua pa kuingilia picha, na badala ya taarifa ya habari unapata lango lako, ubavu wa nyumba, uani na banda la kuku, kila kimoja katika robo yake ya kioo. Usiku kamera humulika kwa mwanga ambao jicho la binadamu haliuoni, na kila kitu hugeuka cha kijivu. Macho ya paka huwaka kama taa za gari. Buibui hupenda joto la kamera na wadudu wanaoizunguka, na buibui mmoja akitembea mbele ya kioo huonekana mkubwa kuliko lango. Mke wangu alipiga kelele usiku wa kwanza.

Umeme ukikatika, vyote hufa pamoja, isipokuwa umenunua betri yake. Umeme hukatika zaidi usiku wa mvua, na usiku wa mvua ndio wezi huupenda. Hilo fundi hakulisema mpaka nilipouliza.

Zipo pia kamera zisizo na waya, zinazopeleka picha kwa intaneti. Hizo picha yake husafiri mbali na kurudi, kwa hiyo huchelewa. Kwa rafiki yangu mmoja wa Morogoro mjini tulimsikia mtu akigonga lango, tukatazama kioo, na lango lilikuwa tupu. Sekunde chache baadaye ndipo mtu yule akatokea katika televisheni akigonga. Tulicheka sana. Lililo zito ni kwamba kamera za intaneti huja na neno la siri la kiwandani, na wengi hawalibadili. Mwaka 2014 ilifichuka kwamba picha za maelfu ya kamera za namna hiyo, katika nchi nyingi, zilikuwa zikitazamwa na yeyote aliyejua pa kuzitafuta, mojawapo zikiwa kamera za vitanda vya watoto. Mwaka 2016 wahalifu waliziteka kamera na visanduku vya kurekodi kwa wingi wakavitumia kama jeshi la kuangusha huduma za mitandao huko Marekani. Mwenye nyumba alikuwa amelala, akidhani kamera inamlinda.

Wiki mbili baada ya kufungiwa nilipata ugeni. Jirani yangu wa upande wa mashariki ni mjane, mama mtu mzima, anayeishi na wajukuu. Alikuja saa kumi jioni, akapiga hodi, akakaribishwa, akakaa. Baada ya salamu ndefu akaniambia, "Mwalimu, sikuja kwa ugomvi. Nataka kujua tu. Lile jicho lako la pembeni, linaniona nikioga?"

Bafu lake liko uani, la makuti, halina paa. Sikumjibu kwa maneno. Nilimwomba asogeze kiti karibu, nikawasha televisheni, nikamwonyesha robo ya pili ya kioo. Fundi alikuwa ameifunga kamera ile juu sana, kama walivyozoea, ili ukuta wote uonekane kwa urefu. Ulionekana ukuta wangu wote, na nyuma yake ukaonekana uani kwa mama yule: jiko, kamba ya nguo, na ukingo wa makuti ya bafu. Ndani ya bafu hakukuonekana, lakini mtu akisimama wima mabega yake yangeonekana. Alitazama kimya. Kisha akamwona mjukuu wake akipita na ndoo, katika televisheni yangu, akasema polepole, "Kumbe mnamjua anakwenda kisimani saa ngapi." Siku ile ile nilimpigia fundi simu, akaja akaishusha kamera na kuigeuza, na mama yule alisimama sebuleni kwangu akielekeza, huku akisema bado, bado kidogo, hapo hapo.

Baadaye niligundua kwamba neno la mjane wa Kingolwira lilikuwa limeshasumbua mahakama kubwa ya Ulaya. Huko Ucheki, bwana mmoja aitwaye František Ryneš alivunjiwa madirisha mara kadhaa na watu asiowajua. Mwaka 2007 akafunga kamera chini ya paa lake, ikitazama lango lake, njia ya watu wote, na lango la nyumba iliyo mkabala. Usiku mmoja wa Oktoba mwaka ule ule dirisha likavunjwa kwa manati, kamera ikanasa, watuhumiwa wawili wakapatikana. Mmoja wao akahoji: huyu bwana alikuwa na haki gani ya kunipiga picha njiani? Kesi ilipanda hadi Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, na tarehe 11 Desemba 2014 ikaamuliwa kwamba kamera inayotazama njia ya umma haiwezi kuhesabiwa kuwa shughuli ya nyumbani tu, ingawa sheria iyapime pia maslahi ya mtu anayelinda mali na familia yake. Jambo moja lilinigusa katika kesi hiyo: Ryneš hakuwa na televisheni iliyounganishwa. Kamera ilirekodi tu, na hakuna aliyekaa akitazama wapita njia. Hata hivyo mahakama iliona ni jambo la kuhojiwa. Sijui wangesema nini juu ya sebule zetu, ambamo lango la jirani limewashwa mchana kutwa kama tamthilia.

Kwetu ibara ya 16 ya Katiba, iliyoingizwa mwaka 1984 pamoja na haki nyingine, inalinda maisha binafsi ya mtu na maskani yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa mwaka 2022 ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ipo. Ni sheria njema. Lakini yule mama hakuwa na nauli ya kwenda kwenye Tume, alikuwa na miguu ya kuja kwangu, na nadhani majirani wengi watamalizana kwa njia hiyo, au hawatamalizana.

Serikali nazo hazikukaa nyuma. Kenya, baada ya watu 67 kuuawa katika jengo la Westgate mjini Nairobi Septemba 2013, ilifanya mambo mawili kwa pamoja: ilichukua kwetu nyumba kumi, kwa jina lile lile, na mwaka 2014 ikaingia mkataba na kampuni ya simu kufunga kamera 1,800 Nairobi na Mombasa. Uganda ilifuata kwa kamera zake za Kampala, na Zanzibar ikafunga zake Mji Mkongwe. Westgate yenyewe ilikuwa na kamera. Zilinasa karibu kila kitu, na dunia ikatazama picha zile baadaye katika televisheni, wakati waliouawa wameshazikwa. Wakenya walijua walilofanya walipochukua vyote viwili, ingawa naambiwa kamera zimeota vizuri kuliko nyumba kumi.

Nirudi Kingolwira, kwa kisa ambacho kilizungumzwa hapa kwa muda mrefu. Ilikuwa masika ya mwaka 2022, saa nane na nusu ya usiku, mvua imepungua. Kijana mmoja wa nyumba za bondeni mkewe alishikwa na uchungu kabla ya siku zake. Alikwenda kwanza kwenye nyumba yenye gari, jambo ambalo kila mtu mwenye akili angefanya. Akagonga, akaita hodi, akaita tena. Ndani walikuwa macho. Kwa maneno ya binti wa kazi wa nyumba ile, aliyemsimulia mke wangu kisimani, baba, mama na vijana wawili walikaa sebuleni mbele ya televisheni wakimtazama. Walimwona akitikisa lango. Walimwona ameloa, hana viatu, ameshika kitu mkononi, na kitu kile katika picha ya kijivu kilionekana kama panga. Ilikuwa simu iliyokwisha chaji. Mmoja wa vijana alisema asijibiwe, maana akijibiwa atajua kuna watu. Mwingine alianza kumrekodi. Kijana akasimama pale, wanasema, dakika zaidi ya kumi, kisha akaondoka kwenye kioo.

Akaja kwangu. Mimi sina gari, na masikio yangu yamepungua, nilikuwa nimelala. Mke wangu husikia panya akitembea darini. Hakuwasha televisheni, rimoti haipatani naye hata leo. Alifungua dirisha akauliza kwa sauti, "Nani wewe, na una nini?" Kijana akajibu kwa jina la baba yake, tena jina la babu yake, kama tulivyokuwa tukijitambulisha zamani kwa sungusungu. Nilimpigia simu dereva wa bajaji niliyemfundisha darasa la nne, naye akaja kwa dakika chache. Mtoto alizaliwa hospitali ya mkoa kabla ya alfajiri, wa kike, mama naye akapona.

Sitawahukumu wale jamaa kwa urahisi. Walikuwa wameibiwa mara mbili mwaka uliotangulia, na mara moja walitishiwa kwa panga la kweli. Mtu aliyetishiwa ana haki ya kutofungua lango usiku. Marie Brown naye asingefungua. Lakini angesema naye. Mashine ya muuguzi yule ya mwaka 1966 ingemwuliza kijana ana nini, na swali moja lingetosha. Zile kamera za bei nafuu tulizofungiwa sisi zilikuwa zimenyang'anywa mdomo ili bei ishuke, na kwa kuwa hazikuja na mdomo, wenye nyumba wakaona kunyamaza ndiyo matumizi yake. Kijana na mkewe hupita mbele ya lango lile kila siku kwenda barabarani. Wanalitazama, wanajua wanatazamwa, na hawasalimii.

Mwanangu alipokisikia kisa hiki alileta kamera nyingine ya langoni, yenye kipaza sauti na spika, akaiunganisha na televisheni. Alitaka pia kuongeza moja sebuleni, ili yeye akiwa Dar es Salaam atuone katika simu yake kama tumeamka salama. Nilimwambia mimi nimekaa karibu na magereza matatu miaka mingi na najua tofauti ya kulindwa na kufungwa. Kama anataka kujua nimeamkaje, apige simu aseme shikamoo. Alicheka, lakini hupiga. Ile ya langoni tumeikubali. Mke wangu hukaa kwenye kiti chake, mtu akipiga hodi hubonyeza kitufe kimoja anachokijua na kusema karibu, na mgeni hugeuka huku na huku akiutafuta mdomo uliosema. Watoto wa shule wamegundua mchezo huo. Asubuhi wakipita husimama chini ya nguzo, wakaitazama kamera na kuimba kwa pamoja, "Shikamoo bibi!", na wasipojibiwa hawaendi.

Mjane wa mashariki hapigi hodi langoni. Huzunguka kupitia uani, kama alivyozoea tangu enzi za balozi, akaitia kwenye dirisha la jiko.